Betri ya Detekta: Namba Iliyoandikwa Juu Yake Haitoshi

Chukua betri mbili mpya za AA, moja ya alkali na moja ya zinki-kaboni, zile za bei chee zinazouzwa pamoja na tochi. Zipime kwa multimita, kile kipimo cha umeme, zikiwa mezani. Zote mbili zitasoma kati ya volti 1.5 na 1.6, na mtu asiyejua atasema hazina tofauti. Sasa jaza za aina moja kwenye detekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, panda nayo vilima vya Mwenga. Kabla jua halijafika utosini, zile za zinki-kaboni zitakuwa zimeanza kukuaibisha: sauti inakatika, mashine inalia ovyo bila kitu ardhini, kisha inazima. Ukizitoa na kuzipima tena baada ya nusu saa, zinasoma 1.4. Ndipo mtu anaamini kwamba mashine ndiyo imeharibika, anairudisha hadi Bukavu kwa fundi, na fundi naye anaifungua. Mashine haikuwa na kosa.

Kila betri ina volti mbili: ile ya kupumzika na ile ya kazini. Ndani yake mna ukinzani, kama bomba jembamba lililofungwa kwenye tangi la maji. Multimita hainywi chochote, kwa hiyo inasoma tangi lililotulia. Detekta inakunywa, na kadiri inavyokunywa kwa pupa ndivyo bomba linavyoshindwa kupeleka na volti inavyoshuka. Ukizima, kemikali za ndani zinajipanga upya na volti inapanda tena. Ndiyo maana betri iliyokufa machimboni hufufuka ikifika nyumbani, na kufa tena mara tu inaporudi kazini.

Mashine yako inakunywa kiasi gani

Detekta za dhahabu zinazoonekana huku Kivu Kusini ni za koo mbili. Za kwanza hutuma wimbi lisilokatika kwenye bobini, ile sahani ya chini. Hizi hunywa kidogo, takriban miliampea 30 hadi 150 (miliampea 1,000 ni ampea moja). Garrett AT Gold inakaa kwa betri 4 za AA. Fisher Gold Bug 2 inataka mbili za volti 9. Minelab Gold Monster 1000 inakuja na pakiti ya lithiamu pamoja na kisanduku cha AA 8, ili mtu achague.

Za pili ni za mapigo. Hutuma mkondo mkali kwa muda mfupi sana, huukata ghafla, husikiliza mwangwi wa metali, kisha hurudia hivyo mara nyingi mno kwa sekunde. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na udongo huo huzipigia kelele zile za kwanza kuliko unavyozisumbua za mapigo. Ndiyo sababu mwenye fedha hununua ya mapigo. Gharama yake inarudi kwenye betri: nusu ampea, wakati mwingine ampea moja nzima. Minelab SDC 2300 inakula betri 4 nene za saizi C. Garrett ATX inakula AA 8. GPX 5000 haina hata nafasi ya AA, inabebewa pakiti ya lithiamu ya volti 7.4 mgongoni.

Hesabu ya muda ni nyepesi, lakini kuna mahali pamoja ambapo karibu kila mtu anateleza. Betri 4 zilizofuatana kichwa kwa mkia zinajumlisha volti, hazijumlishi ujazo, yaani kiasi cha umeme kilichomo. AA nne za kuchajisha za miliampea-saa 2,000, kila moja volti 1.2, hazikupi 8,000. Zinakupa volti 4.8 na 2,000 ile ile, kwa sababu mkondo mmoja unapita katika zote nne, moja baada ya nyingine. Kwa mashine inayovuta miliampea 100, gawa 2,000 kwa 100, unapata saa 20. Punguza humusi kwa ajili ya taa ya kioo na spika, zinabaki saa 16, yaani siku mbili za kazi. Ukivaa kaske ya masikioni badala ya kutumia spika unaongeza muda kidogo, na unasikia vizuri zaidi milio midogo, ambayo mara nyingi ndiyo yenye dhahabu.

Kama kitabu cha mashine kimepotea na hujui inavuta kiasi gani, pima mwenyewe. Kata kipande cha plastiki ngumu, upana wa kidole, ukibandike karatasi ya alumini pande zote mbili bila pande hizo kugusana. Kiingize kati ya ncha ya betri moja na kigusio chake. Sasa umeme umekatika hapo. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, gusisha ncha zake mbili kwenye alumini, kila moja upande wake, washa detekta na usome. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukisahau, kesho utapima volti ya betri huku multimita ikiwa njia tupu ya mkondo: utaunguza fyuzi ya kipimo, na ikiwa betri ni ya lithiamu utaona cheche kabla hujaona namba.

Sokoni: herufi ndogo, mizani na mzigo

Pale Kadutu au Nyawera, ukishika pakiti na kuuliza, "Papa, haya mawe (yaani betri) ni alkali?", jibu ni moja tu: "Iko alkali yenyewe, yaya, iko mukali!" Usibishane naye. Geuza betri usome herufi ndogo zilizo karibu na mkia. AA ya zinki-kaboni huandikwa R6. Ya alkali huandikwa LR6. Ya kuchajisha, ile ya nikeli, ni HR6. Ya lithiamu isiyochajishwa ni FR6. Kwa saizi C, namba ni 14 badala ya 6. Kwa saizi D, zile za redio kubwa, ni 20. Ya volti 9 ya zinki-kaboni ni 6F22, na ya alkali ni 6LR61. Herufi L peke yake inaweza kuzidisha muda wako wa kazi mara tatu au nne.

Tatizo ni kwamba herufi nazo zinaghushiwa. Mtu huchukua zinki-kaboni, akaivisha karatasi ya LR6 yenye jina kubwa. Hapo Bukavu ina bahati ambayo miji mingi haina: mizani ya dhahabu iko kila upande. AA ya alkali halisi ina gramu 23 hivi, karibu tola mbili kamili. Ya zinki-kaboni huangukia gramu 15 hadi 18. Betri inayodai kuwa LR6 lakini haifiki gramu 20 ni ya uongo, hata karatasi yake ing'ae namna gani. Usichanganye na FR6 ya lithiamu, ambayo kweli ni nyepesi, gramu 15 tu, na ni bora kuliko zote.

Baada ya mizani, mzigo. Nunua kwa fundi redio rezistansi moja ya omu 4.7, ya wati 1. Igusishe kwenye ncha mbili za betri huku multimita ikisoma volti hapo hapo, na uhesabu hadi kumi. Kwa mzigo huo betri inatoa kama miliampea 300. Alkali mpya hubaki juu ya 1.45 na namba inatulia. Ya zinki-kaboni inaporomoka machoni pako: 1.4, 1.35, 1.3, na inaendelea. Ya nikeli iliyojaa husimama juu ya 1.2 bila kutikisika. Usishike rezistansi kwa vidole muda wote, inapata moto. Kipimo hiki kinafaa pia kwa betri za zamani zilizolala kabatini. Ile iliyosoma 1.5 ikiwa imepumzika na ikaanguka hadi 1.2 chini ya mzigo bado inafaa redio ndogo au saa ya ukutani, lakini detekta usiipe.

Alkali yenyewe ina tabia ya kuifahamu. Ikivutwa polepole inatoa karibu miliampea-saa 2,500. Ikivutwa miliampea 500 inabaki na kama 1,500. Tena inashuka kama mteremko: inaanza 1.6, inapita 1.3, inapita 1.1. Detekta nyingi huzima kabla betri hazijaisha kabisa, kwa hiyo sehemu ya ulicholipia inabaki ndani. Kwa mashine ya kunywa kidogo hilo linavumilika. Kwa ya mapigo yenye AA 8, alkali ni njia ya kuhamisha fedha kutoka mfukoni mwako kwenda kwa muuza mawe.

Volti 1.2 si udhaifu

Betri za nikeli, HR6, zinadharauliwa kwa sababu ya namba moja. Mtu anaona 1.2 imeandikwa ubavuni, analinganisha na 1.5 ya alkali, anasema hizi ni nusu betri. Lakini alkali hukaa juu ya 1.2 sehemu tu ya maisha yake, ilhali ya nikeli hukaa karibu 1.2 hiyo hiyo kuanzia asubuhi hadi karibu na mwisho, hata ikivutwa kwa nguvu. Kwa detekta za AA, ndizo tunazozipendekeza kwanza.

Zina ubaya mmoja unaotokana na uzuri huo. Alama ya betri kwenye kioo mara nyingi imepimwa kwa alkali. Ukiweka nikeli zilizojaa, nne zikiwa na volti 4.8 hadi 5.2, mashine inaweza kuonyesha nusu. Usizitoe. Itabaki kuonyesha nusu kwa saa nyingi, kisha itaporomoka hadi sifuri ndani ya dakika chache. Baadhi ya mashine zina mahali pa kuchagua aina ya betri. Isiyo nayo, tegemea saa yako ya mkononi.

Ujazo wa kweli wa AA ya nikeli ni kati ya 1,900 na 2,700. Ukikuta 3,800 imeandikwa, mwandishi alijisikia vizuri siku hiyo. Kati ya zile za kweli, ya 2,000 ya aina inayotunza chaji ni bora kwa mchimbaji kuliko ya 2,700 ya kawaida. Ya kawaida hupoteza robo hivi ya chaji yake ndani ya mwezi ikiwa imelala tu. Inayotunza chaji, mtindo ulioletwa sokoni na Sanyo mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, huwa bado na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Kwa anayechajisha Bukavu Jumatatu na kuanza kazi Shabunda wiki mbili baadaye, hesabu inajieleza.

Chaja ndiyo inayoziua. Ile rahisi, inayochajisha betri mbili mbili, haioni betri imejaa saa ngapi. Inasukuma tu, nyingine kwa saa iliyowekwa ndani. Umeme wa SNEL ukikatika baada ya saa sita na kurudi, saa ile inaanza kuhesabu upya, na betri iliyokuwa karibu kujaa inapikwa usiku kucha. Tafuta chaja yenye tundu nne zinazojitegemea na taa nne, kila betri na taa yake. Hiyo husikiliza volti: betri ya nikeli ikijaa, volti yake hurudi chini kidogo sana, na chaja hukata hapo. Kama una ile ya polepole tu, kanuni ni kuchajisha kwa sehemu moja ya kumi ya ujazo kwa saa 14 hadi 16. Yaani betri ya 2,000, chaja ya miliampea 200. Umeme ukikatika, andika kwenye karatasi saa ulizokwisha kutumia. Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikikuunguza kiganja, itoe.

Ziweke kwa familia. Chukua kalamu ya wino mzito, andika A kwenye nne, B kwenye nne nyingine, na usizichanganye maisha yao yote: zinaingia pamoja, zinatoka pamoja, zinachajishwa pamoja. Sababu si unadhifu. Katika mnyororo wa nne, ile dhaifu inaisha kwanza, na zile tatu zenye nguvu zinaendelea kusukuma mkondo kupitia ndani yake, hadi inageuka, chanya inakuwa hasi. Ya nikeli ikigeuzwa hivyo mara kadhaa hairudi tena. Ya alkali ikigeuzwa inavuja. Ndiyo hatari ya ile tabia ya kubadilisha betri moja tu "iliyochoka" na kuacha tatu za jana.

Zinazofanana na AA lakini si AA

Kuna vitu vitatu vinavyoingia vizuri kwenye kitundu cha AA, na viwili kati yake ni mtego.

Cha kwanza ni FR6, lithiamu isiyochajishwa. Ina volti 1.5 (ikiwa mpya kabisa hufika 1.8), ujazo wa 3,000 na kitu, haivuji kirahisi, inakaa miaka mingi kabatini. Ni ghali. Seti moja iliyofungwa kwenye plastiki chini ya mfuko, kwa siku ambayo kila kitu kingine kimekwisha, ni matumizi yake sahihi.

Cha pili ni betri ya lithiamu ya kuchajisha iliyoandikwa 14500. Ina umbo la AA kwa milimita, lakini ina volti 3.7, na ikijaa 4.2. Nne zake ni karibu volti 17 kwenye mashine inayosubiri 6. Baadhi ya mashine zina kinga. Nyingine zinatoa moshi.

Cha tatu kinadanganya kwa adabu zaidi. Ni AA ya lithiamu ya kuchajisha iliyoandikwa 1.5V, nyingi zikiwa na tundu la USB ubavuni. Ndani yake mna lithiamu ya 3.7 na kikaratasi cha elektroniki kinachoishusha hadi 1.5 kwa kukata na kuunga umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Kwa tochi haina tatizo. Kwa detekta, kukata na kuunga huko ni kelele, na detekta ni sikio. Gold Monster inasikiliza kwenye kilohezi 45, yaani mara 45,000 kwa sekunde, Gold Bug 2 kwenye 71; kelele ya betri inaweza kuangukia humo humo. Mashine inapiga kwikwi, wewe unapunguza usikivu ili inyamaze, na pamoja na kelele umezima pia mlio wa kipande kidogo cha dhahabu. Jaribu hivi: laza detekta chini mbali na mabati na nyaya za umeme, zima simu, tia alkali na usikilize kwa dakika moja bila kuigusa. Badilisha betri, usiguse kitufe chochote kingine, sikiliza tena. Mlio ukizidi, betri ndiyo mkosaji. Jambo hilo hilo linahusu pawabenki iliyounganishwa kwenye mashine ukiwa kazini.

Za volti 9

Hizi ni ndogo kwa ujazo. Ya alkali ina kama 550, ya zinki-kaboni ina pungufu zaidi, na ya nikeli kati ya 170 na 250 tu. Detekta za mkono za walinzi, zile za milangoni mwa benki na hoteli, hutumia moja, na kwa kuwa zinavuta kidogo alkali moja inatosha kwa siku nyingi. Ukinunua ya nikeli ya kuchajisha, soma volti: iliyoandikwa 7.2 ina seli (betri ndogo za ndani) sita, ya 8.4 ina saba. Ya 7.2 inaweza kuanza kazi ikiwa tayari karibu na mpaka wa kuzima, na mlinzi ataambiwa hajachajisha. Pakiti ya lithiamu ya seli mbili, volti 8.4 ikijaa, inaingia vizuri katika nafasi hiyo, mradi isiwe na kile kishusha umeme cha ndani.

Usiitie ya volti 9 mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Ncha zake mbili ziko upande mmoja, ufunguo unaziunganisha, na suruali inaungua. Funika ncha kwa gundi ya umeme.

Pakiti za lithiamu, na jua la machimboni

Kwa mashine za mapigo kama GPX 5000 hakuna njia ya kukwepa lithiamu. Pakiti ya kiwandani ni ghali, na hapo mafundi wetu huingia na seli za lithiamu za saizi inayoitwa 18650 zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani. Kazi hiyo inawezekana, lakini ina masharti.

Kwanza, seli zenyewe. 18650 nzuri kabisa ina karibu 3,500. Iliyoandikwa 9,900 ni hadithi. Mizani tena: seli ya kweli ina gramu 45 hadi 49, kama tola nne. Ya gramu 30 ina unga au hewa ndani. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu usiifufue, hata ikikubali chaji. Ndani yake shaba huenda imeyeyuka na inaweza kuunganisha pande mbili siku yoyote.

Pili, idadi. Seli moja ni volti 3.7, ikijaa 4.2, ikiisha 3. Mbili ni 7.4, zikijaa 8.4. Tatu ni 11.1, zikijaa 12.6. Mashine ya AA 8 hupokea karibu 12.8 zikiwa alkali mpya, kwa hiyo seli tatu zinaingia ndani ya kipimo chake bila kuzidi. Mashine ya AA 4 inasubiri 6 na kidogo. Seli moja haifiki, mbili zinazidi. Kwa hiyo AA nne, baki na nikeli. Na betri ya pikipiki kwenye mashine ya volti 7.4, hata kwa dakika moja ya kujaribu, usiiunganishe: ina 12.7 ikiwa imetulia, na zaidi ya 14 pikipiki ikiwaka.

Tatu, kinga. Kila pakiti iwe na kile kibao cha ulinzi kinachokata seli ikizidi 4.2 au ikishuka mno, na fyuzi ya ampea 2 au 3 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na seli. Fyuzi ikiwa mwisho wa waya, waya ukikatwa na panga njiani hakuna kinachoulinda. Seli zilizovimba, zilizolowa au zilizobonyea zisiingie.

Pakiti ivaliwe kiunoni au mgongoni, isining'inie karibu na bobini. Makoti ya seli ni chuma, na mashine itaimba kila unapopiga hatua. Viatu vyenye pua ya chuma vina kosa hilo hilo. Bote za mpira ni salama.

Kuchajisha mbali na umeme, hesabu ni ya wati-saa: volti mara ampea-saa. Pakiti ya 7.4 yenye ampea-saa 5 ni wati-saa 37. Paneli ya wati 20, kwa saa nne za jua kali, inaahidi 80, lakini joto, mawingu na upotevu wa chaja vinakuachia 50 hivi. Pakiti moja inajaa, na kidogo inabaki kwa simu. Msimu wa mvua gawa kwa mbili. Paneli isiunganishwe moja kwa moja kwenye pakiti: ile inayoitwa ya volti 12 hutoa karibu 21 ikiwa haina mzigo. Njia yenye usalama ni paneli kujaza betri kubwa ya risasi mchana kupitia kidhibiti chaji, na chaja halisi ya pakiti kuchukua humo usiku. Kwa anayesafiri kwa ndege, namba hiyo ya wati-saa ndiyo atakayoulizwa: betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi, si kwenye mizigo ya chini, na hadi wati-saa 100 hazihitaji ruhusa maalumu ya shirika.

Je, betri kali inaongeza kina?

Swali hili haliishi, na kuna wanaouza pakiti kwa kulijibu ndiyo. Detekta nyingi za kisasa zina kidhibiti cha volti ndani. Uipe 8.4 au 7, bobini inapata kile kile, hadi betri inaposhuka chini ya mpaka na mashine kuzima. Betri nzuri inakupa kina kile kile kwa saa nyingi zaidi, basi. Zile za zamani au za kutengenezwa mitaani, zisizo na kidhibiti, kweli hubadilika betri inaposhuka: usikivu unalegea taratibu na mwenye mashine hajui. Na hakuna betri itakayoifanya detekta ione dhahabu ya unga iliyomo ndani ya jiwe. Hiyo ni kazi ya kinu na karai.

Vigusio na kuvuja

Nusu ya "betri mbovu" ni vigusio vichafu. Ukungu wa misitu ya Shabunda unatosha kuota kutu ya kijani ndani ya wiki chache, na kutu hiyo ni ukinzani mwingine juu ya ule wa betri. Sugua vigusio na ncha za betri kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye pombe kali ya dukani, acha vikauke. Usitumie msasa: unaondoa rangi ya nikeli iliyopakwa juu ya chuma, na kutu itarudi haraka kuliko mwanzo. Kama springi imelala, ivute kwa ncha ya kisu milimita mbili.

Alkali iliyovuja huacha unga mweupe. Ni magadi makali, kwa hiyo hujibiwa na tindikali: tone la siki au maji ya limau kwenye pamba iliyoviringwa kijitini, vipovu vitatoka kidogo, kisha pamba yenye maji kidogo, kisha pombe. Usimimine, kwa maana kioevu kikipita chini ya springi kitafika kwenye kibao cha elektroniki na huko hakuna pamba inayofika. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, na usijiguse macho. Majimaji ya zinki-kaboni si magadi, yana tindikali kidogo, hivyo siki haisaidii. Kitambaa kibichi na kukausha vizuri kunatosha.

Mashine ikilala zaidi ya wiki mbili, toa betri. Za nikeli zihifadhi zimejaa, pakiti za lithiamu ziache karibu nusu, na zote zikae mbali na dari la mabati, kwa kuwa joto la mchana pale juu huzila hata zikiwa hazifanyi kazi.